Shajara ya mradi: ramani ya kukimbilia Mtambwe, wiki ya bamvua

Hali ya mradi hadi Jumapili usiku: karatasi ya upande wa kaskazini imechorwa na kukaguliwa kwa miguu. Mabonde ya mpunga yaliyo kati ya vilima yameingia na alama zake. Kivuko cha miguu cha kwendea Mtambwe Mkuu, mahali pa mji wa kale panapotengwa na bahari maji yakijaa, kimepimwa maji yakiwa yamepwa siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya wiki. Upande wa kusini bado karatasi tupu, na ruhusa za mashamba mawili matatu sijazipata.

Mradi wenyewe ni ramani ya mbio za ramani na dira, ya eneo la Mtambwe, hapa ng'ambo ya Wete upande wa kusini. Kipimo ni 1:10,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 100 za ardhi, na mstari wa kontua, ule unaounganisha mahali penye mwinuko sawa, unapita kila mita 5 za mwinuko. Nataka kijana wa Pemba aishike mkononi, akimbie vilima vya kwao, na kila hatua ajue yuko wapi.

Kwa asiyeujua mchezo: vituo huwekwa porini na mashambani, kila kimoja na kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe, sentimita 30 kwa 30. Unapewa ramani yenye pembetatu ya kuanzia, duara kwa kila kituo na duara mbili za kumalizia. Unavipita vituo kwa mpangilio wake, lakini njia ya kutoka kimoja hadi kingine ni yako kuichagua. Unaweza kupanda kilima moja kwa moja au kukizunguka, kukata bonde au kufuata ujia. Mwenye miguu mizuri asiyesoma ardhi hupitwa na mtu wa mwendo wa kadiri anayeisoma, na mimi hilo ndilo lililonivuta.

Walioulea mchezo huu ni Wanorwe na Waswidi. Shindano la kwanza la wazi lilifanyika karibu na Oslo mwaka 1897. Mwaka 1919 meja wa Kiswidi, Ernst Killander, aliyeona vijana wanapoteza hamu ya riadha ya uwanjani, aliwakusanya nje ya Stockholm na kuwapa ramani wakimbie msituni. Shirikisho la dunia likaundwa Copenhagen mwaka 1961. Majira ya baridi wenzetu wa kule hukimbia juu ya theluji, na kwa kuwa jua lao huzama mapema, mazoezi mengi hufanywa na taa kichwani.

Baridi yetu ni kipupwe. Kusi inavuma, alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 22 hivi, masika yamekwisha na udongo umeshika. Hii ndiyo miezi ya kukimbia Pemba. Ikifika kaskazi, saa mbili asubuhi tu mtu ameshalowa.

Jumatatu

Mbio nyepesi za kilomita 6 hivi, kutoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, kwa ujia unaopita nyuma ya vijiji hadi ukingo wa mikoko. Nilikuwa na kazi mbili: kujaribu dira na kuangalia maji.

Pale ukingoni nimesimika mti wenye alama kila sentimita 10. Maji yalifika mwisho wa kupwa kama saa moja kasorobo, jua linachomoza. Lakini maji mafu, siku ambazo bahari hupwa na kujaa kidogo tu, ndiyo kwanza yanaondoka, kwa hiyo kupwa kwenyewe ni kwa kiasi tu. Mkondo wa katikati ulikuwa bado umejaa na tope lote la kandoni linang'aa. Kwa siku kama hii kivuko hakipo. Nimeandika kipimo ili nikilinganishe na cha Jumamosi.

Dira nilichukua mbili. Moja niliyoletewa kutoka Ulaya, sindano yake inainama na kukwaruza ndani ya kikombe, hasa mtu akiwa mbioni. Sababu ni kwamba nguvu ya sumaku ya dunia haiendi sambamba na ardhi, inaingia kwa mshazari. Ulaya ya kaskazini huvuta chini ncha ya kaskazini ya sindano, na mtengenezaji huongeza uzito upande wa kusini ili isimame sawa. Huku kwetu inayovutwa chini ni ncha ya kusini, na ule uzito unaongezea. Anayetaka kununua dira ya mbio aulize mapema kama imesawazishwa kwa kanda zetu, au kama ni ya aina inayofanya kazi popote duniani. Ile ya pili ni ya aina hiyo, na inatulia upesi hata kwenye mteremko.

Mistari ya kaskazini kwenye ramani nimeichora kwa kufuata dira. Kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli hapa zinaachana kwa nyuzi chache tu kuelekea magharibi, lakini hata hizo chache mkimbiaji hapaswi kuzipigia hesabu akiwa anahema.

Jumanne

Sikukimbia. Nimekaa mezani tangu skuli ilipofungwa hadi isha.

Msingi wa ramani hii ni picha za angani. Mwaka 2016 ilianza kazi kubwa ya kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Waliosimamia ni Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na waliorusha ndege zile walikuwa vijana wa hapa hapa visiwani. Picha ni safi kiasi kwamba mnazi mmoja mmoja unahesabika, na nyingi ziliachwa wazi kwa umma. Mimi nazifungua kwenye programu ya bure ya kuchorea ramani za mchezo huu, OpenOrienteering Mapper, kisha nachora juu yake.

Paa la nyumba, barabara, ukingo wa bonde na mnazi uliosimama peke yake picha huvieleza vizuri. Chini ya majani haioni kitu. Ukitazama kutoka juu, shamba la mikarafuu lililofagiliwa, ambamo mtu anakimbia kama uwanjani, linafanana kabisa na kichaka cha miiba na mimea inayotambaa kisichopitika. Yote ni kijani. Mwinuko nao una shida hiyo hiyo: hesabu inayotokana na picha hupima vilele vya miti, kwa hiyo pale penye mwembe mkubwa kontua inaruka kana kwamba pana kilima. Nimekesha nikizifuta kontua za namna hiyo, na nyingine sitazifuta mpaka nikasimame pale nione.

Rangi za ramani hizi ni za dunia nzima, na inafaa kuzijua kwa sababu zinakwenda kinyume na mazoea yetu ya ramani za skuli. Msitu unaokimbilika vizuri ni mweupe. Uwazi ni njano. Kijani ni ugumu: kijani hafifu ni pale mwendo unaposhuka hadi kati ya asilimia 60 na 80 ya mbio za kawaida, kijani cha kati ni kati ya 20 na 60, na kijani kilichokolea ni chini ya 20, yaani unapenya kwa mikono. Buluu ni maji, kahawia ni umbo la ardhi, nyeusi ni mawe na vitu vilivyojengwa na watu.

Mikarafuu niipake rangi gani? Kwa kanuni ni miti ya kupandwa kwa mistari, ingeingia kama bustani ya matunda, njano yenye nukta za kijani. Nimeamua kuipa nyeupe pale ambapo vilele vimekutana. Mkarafuu mkongwe wa Pemba unapita mita 10 kwa urefu, chini yake ni kivuli na majani makavu, na mkimbiaji akiwa ndani anajiona yumo msituni. Ramani lazima imwambie kile ambacho mwili wake utakikuta. Mikarafuu michanga ya miche mipya, ambayo jua linaingia na majani yanaota katikati, nimeiacha njano na nukta.

Jumatano

Vilima. Mgeni akisikia kwamba Pemba hakuna kilima cha kufika mita 150 hudhani kisiwa ni tambarare. Aje akimbie Mtambwe. Kilima ni kifupi lakini kinasimama wima, unashuka bondeni, unavuka hatua chache, na kingine kimeanza. Hakuna mahali pa kushika mwendo. Kwa kilomita 8 nimepanda na kushuka hadi mapaja yanatetemeka, na saa ya mkononi inaonyesha mwendo ambao kwenye lami ningeuita wa matembezi.

Mdogo wangu alikuja nami na zoezi tulilofanya ni hili: nilimchapishia ramani yenye kontua peke yake. Njia, nyumba na rangi zote nimeziondoa. Akabaki na kahawia tupu, na vituo vitano. Kontua zikibanana ni mteremko mkali. Zikichongoka kuelekea juu ya kilima ni kibonde, zikichongoka kuelekea chini ni mgongo. Kwa mwendo wa pole alivifikia vyote. Alipofika cha nne alisimama juu ya mgongo, akageuza ramani mpaka ikaelekea sawa na ardhi, akanionyesha kwa kidole kibonde cha kituo cha tano kabla hatujakiona. Nilifurahi kuliko kama ningekimbia mwenyewe kwa rekodi.

Jambo la kukumbuka kwa wanaojifunza huku: mwezi huu jua la mchana liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinaanguka kusini. Ikifika Disemba linahamia kusini na kivuli kinageuka. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema jua la mchana liko kusini, na mtu akivifuata kwa kipupwe atakwenda kinyume cha anakotaka.

Alhamisi

Siku ya kuomba ruhusa, na nimeipa jioni nzima kwa sababu bila hiyo ramani haina maana.

Msimu wa karafuu umeanza kuamka. Kwenye baadhi ya mashamba wachumaji wameshapanda, majamvi yametandikwa mbele ya nyumba na kando ya barabara, na kijiji chote kinanukia. Karafuu ni mali. Serikali ndiyo inayozinunua, kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kwa nyumba nyingi za Pemba fedha za msimu huu ndizo zinazosomesha, zinazojenga na zinazoozesha. Wizi wa karafuu mbichi mtini upo na watu wanakesha kulinda. Mtu asiyejulikana anayepita mbio shambani, ameshika karatasi na anatazama huku na huku, anaonekana vipi? Kwa hiyo ninakwenda shamba kwa shamba na kubisha hodi.

Mzee mwenye shamba kubwa la kilima cha kati nilimkuta barazani anachambua makonyo ya karafuu pamoja na wajukuu.

"Asalamu aleikum, mzee wangu."

"Waaleikum salaam. Karibu, mwalimu. Nasikia wataka kuleta watu wa mbio."

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuomba njia."

Nikamkunjulia ramani jamvini. Nilidhani nitaanza kumfundisha alama, lakini kidole chake kilikwenda peke yake. Alitazama kontua kidogo, akauliza huu ndio mgongo wenye mzambarau, nikamwambia ndiyo, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinisomesha. Akanionyesha chemchemi ambayo kwenye picha ya angani haionekani kabisa kwa kuwa imefunikwa na miti. Akanionyesha ujia wa zamani unaokata nyuma ya kilima, umefunga majani lakini haujafa. Kisha akaweka kidole kwenye bonde nililolipaka njano.

"Hapa hapawi hivi mwaka mzima, mwanangu. Leo utapita na viatu, mpunga umevunwa na majaruba yamekauka. Mwezi wa nne utazama hadi kwenye magoti, na utakuwa wakanyaga chakula cha watu. Karatasi yako yasema njia, haisemi lini."

Hapo ndipo kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu nianze kuchora kilipopata sura. Kanuni za ramani za dunia zina alama ya shamba la mazao, nayo imefikiria kwamba hali hubadilika kwa msimu na kwamba mkimbiaji anaweza kukatazwa kuingia. Hiyo inatosha kwa bonde la mpunga, mradi niichapishe ramani kwa matoleo: toleo la kipupwe lenye mabonde yaliyo wazi, na toleo la masika lenye mabonde yaliyofungwa kwa mistari ya zambarau. Lakini ardhi ya Mtambwe haibadiliki kwa msimu peke yake. Inabadilika mara mbili kila siku kwa maji, na kiwango chenyewe cha kubadilika hufuata mwezi. Ramani ya hapa ni lazima iwe na saa na tarehe, la sivyo inasema uongo kwa nusu ya muda wake.

Masharti ya mzee nimeyaandika kama yalivyo. Hakuna kukimbia shambani wakati wachumaji wako juu ya miti. Hakuna kukanyaga jamvi wala kuruka juu yake. Mtu apite kwa salamu. Na watoto wa kijiji waalikwe nao kukimbia, wasiwe watazamaji. Hili la mwisho ndilo alilolisisitiza zaidi, na mimi nalichukua kama sharti la mradi mzima.

Aliniuliza pia mbona kwenye ramani hakuna majina. Ni kweli, ramani hizi karibu hazina maandishi, ili macho yashughulike na umbo la ardhi. Lakini kila bonde na kila kisima pale kina jina, na mengi hayajaandikwa popote. Nimeamua yaingie nyuma ya karatasi, kwenye ramani ndogo ya pili, na mzee amekubali kukaa nami anitajie.

Ijumaa

Mapumziko. Baada ya sala nilimpelekea Sheha, kiongozi wa shehia yetu, nakala ya ramani na barua, akaahidi jibu.

Usiku tulitoka, mwezi wa kumi na nne ukiwa juu. Kilomita 5 kwa ujia tunaoujua, taa kichwani lakini kwa sehemu kubwa zimezimwa. Mwezi wa kipupwe unaangaza vya kutosha kwenye uwazi. Ndani ya mikarafuu ni madoa ya mwanga na giza, na hapo macho hudanganyika, kwa hiyo tukawasha. Usiku ndio unaoonyesha kama mtu anahesabu hatua au anakisia. Chini ya mikarafuu mita 100 kwangu ni kama hatua 45 nikihesabu mguu mmoja tu, na kwenye mabua ya mpunga zinapita 50. Tulimsikia yule bundi mdogo wa Pemba, ambaye haishi kokote duniani isipokuwa kisiwa hiki, akirudia mlio wake mmoja mmoja. Huishi msitu wa Ngezi, lakini hata mashamba ya mikarafuu hayakatai.

Jumamosi

Siku niliyoisubiri. Maji yalikuwa ya kupwa kabisa kwenye saa nne na nusu asubuhi, kama ilivyo kawaida ya visiwa hivi: bamvua inapofika, kupwa huja kati ya saa nne na saa tano, na kujaa huja alasiri. Bamvua kubwa ya huku hufanya maji yapande na kushuka karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni kidogo mno.

Mtambwe Mkuu ni mahali pa zamani sana. Palikuwa na mji miaka elfu moja iliyopita, na mwaka 1984 watafiti walifukua hapo sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, pamoja na dinari chache za dhahabu. Maji yakijaa, mikoko na bahari hupatenga. Yakipwa, mtu huenda kwa miguu. Kwa ramani ya mbio hii ni hazina: chaguo la njia ambalo mkimbiaji halipati Uswidi wala popote pasipo na bahari inayokwenda na kurudi namna hii.

Tuliondoka ukingoni saa tatu na nusu, saa nzima kabla ya mwisho wa kupwa, tukifuata maji yanavyoondoka. Akina mama walikuwa wameshatangulia, wanakwenda pwani kutafuta chaza. Bibi mmoja alitazama viatu vyetu, akatuambia tukaze kamba na tufuate penye mchanga. "Jeusi msilikanyage, wanangu. Jeusi lameza." Ushauri huo nimeuingiza ramanini kama ulivyo. Mchanga nimeupa njano. Tope jeusi nimelipa alama ya kinamasi kisichopitika. Kwenye mikoko yenyewe nimetofautisha sehemu mbili. Panapoota mkoko, mizizi imejipinda juu kama matao na mtu anapanda na kushuka, hapo ni kijani kilichokolea. Panapoota mchu, miti iko mbalimbali na vidole vya mizizi vimechomoza ardhini, unapita kwa kutazama unapoweka mguu, hapo ni kijani cha kati.

Kukimbia kweli kweli kuliwezekana kwenye ulimi wa mchanga wa katikati tu. Raha yake sina namna ya kuieleza. Anga limefunguka pande zote, upepo wa kusi mgongoni, na ardhi iliyokuwa bahari alfajiri ile ile inaitikia mguu.

Kwa kuwa pale hakuna alama za kushikilia macho, tulitumia ufundi ambao nataka kila anayejifunza aujue. Ukilenga mlango wa ujia moja kwa moja kwa dira, ukifika kwenye mstari wa mikoko na mlango usiuone, hujui uko kulia au kushoto kwako. Basi lenga kushoto kwa makusudi, kama mita 50. Ukifika kwenye mikoko, bila kufikiri geuka kulia na ufuate ukingo mpaka uupate. Tuliufanya kwenda na kurudi, na mlango tuliupata mara zote bila kusimama.

Kwenye mabaki ya kale hakuna kituo kitakachowekwa. Nimepazungushia zambarau, mkimbiaji apite mbali. Kituo kitakuwa kwenye ncha ya mchanga, kabla ya kufika huko.

Sasa hesabu ya saa, kwa kuwa hapa pana maisha ya watu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya mabaharia huyagawa kwa mafungu 12 katika muda wa saa sita: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa ya kwanza baada ya kupwa huleta sentimita 30, ya pili 60, lakini saa ya tatu peke yake huleta sentimita 90, na ya nne nyingine 90. Mtu anayetazama saa ya kwanza hudhani ana muda mwingi. Kwa hiyo nimeweka mlango: kivuko kinafunguliwa saa moja na nusu kabla ya mwisho wa kupwa, na kinafungwa kwa kuingia nusu saa baada yake. Anayechelewa anaelekezwa na msimamizi azunguke kwa nchi kavu, na ramani inampa njia hiyo tayari. Na kivuko kinatumika siku za bamvua tu. Kipimo cha Jumatatu kwenye ule mti kimenithibitishia: wakati wa kupwa kwa leo maji yalikuwa chini kwa zaidi ya mita moja kuliko kupwa kwa siku ile.

Alama yenyewe nimeibuni hivi: vistari vya buluu vilivyokatika juu ya njano, na pembeni kijisanduku cha kuandikia saa ya kufungua na saa ya kufunga, kinachojazwa kwa kalamu asubuhi ya mbio. Kwenye kanuni za dunia alama ya maji yasiyopitika ipo, na ya kinamasi ipo. Hii ya maji yanayokuwa njia kwa saa mbili ni ya kwetu, na nitaieleza vizuri kwenye ufunguo wa ramani.

Jumapili

Mbio ndefu, nje ya eneo la mradi. Daladala hadi Konde, kisha kwa miguu kupitia msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi na kumalizia mnara wa taa wa Kigomasha. Tulilipa kiingilio kwenye geti la hifadhi na hatukutoka barabarani hata hatua moja, maana msitu ule ni kama hekta 1,400 tu na ndio salio la misitu mikubwa iliyofunika upande huu wa Pemba. Ndani ni baridi na unyevu hata jua likiwa kali nje. Mivule, na ile mipapindi, miti ya jamii ya mnazi ambayo kwao ni hapa. Mwendo wa pole, kupumua vizuri, kutazama juu.

Vumawimbi tulifika maji yanapwa na mchanga umeshakaza. Hapo nilimwachia mdogo wangu aende anavyotaka, na alikwenda. Miguu yangu ilikuwa bado na tope la Jumamosi, lakini nilimaliza nikiwa na nguvu, na kwa wiki yenye vilima kama hii hilo linanitosha.

Wiki ijayo

Maji yanaelekea kuwa mafu tena, kwa hiyo pwani nitaiacha. Kazi ni ya nchi kavu: kukagua ule ujia wa zamani wa mzee na kuamua kama unastahili mstari kamili au wa nukta, kuitafuta chemchemi, na kuzifuta kontua za miembe zilizobaki. Mzee ameniahidi Jumatano baada ya alasiri kwa ajili ya majina. Ufunguo wa alama utaandikwa kwa Kiswahili chote. Sheha akijibu, karatasi ya kaskazini itachapishwa nakala chache za majaribio kwa wanafunzi, mbio fupi ya vituo sita bila kivuko. Mbio ya kivuko itangoja bamvua ya mwezi mpya, na nataka akina mama wa pwani wawili watatu wawe wasimamizi wa ule mlango, kwa kuwa wao ndio wanaoyajua yale maji.